Friji ya gesi inagandisha kwa umeme, fundi anasema imekufa. Huu ni wizi wa mchana kweupe!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Friji ya gesi ya kempa yetu (gari la kusafiria lenye vyumba vya kulala na jiko) iligoma kupoza tukiwa Quartzsite, Arizona, jangwani, hakuna pa kuchomeka umeme. Humo ndani mna insulini ya mama yangu mzazi. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na kipimajoto kilikuwa kimeshapita 14. Tukanunua boksi la barafu, mama akawa anaamka usiku kutazama kama imeyeyuka.

Gari tukalipeleka karakana. Fundi akachomeka umeme, akaiacha mpaka kesho yake, friji ikagandisha barafu vizuri tu. Akaiweka kwenye gesi, ikalegea. Basi akaja na karatasi ya bei: mtambo wote wa kupoza umekufa, uwekwe mpya, zaidi ya dola 1,000, na pesa ya ukaguzi juu yake.

Jamani, anatuona watoto? Friji hizi hazina kompresa. Amonia inachemshwa kwa joto nyuma ya friji, mvuke unapanda, unapoa na kuwa kimiminika, kinapoza ndani, kisha inafyonzwa na maji na kurudi chini kuchemshwa tena. Joto litoke kwenye moto wa gesi au kwenye umeme, mabomba ni yale yale. Kama kwa umeme inagandisha, mabomba ni mazima na ubovu uko upande wa moto! Tena mtambo ukivuja kweli, unasikia harufu kali ya amonia na unaona unga wa manjano kwenye mabomba. Nikamuuliza huo unga kauona wapi. Akahamia kwenye mwinuko, eti gesi haiungui vizuri milimani. Ni kweli watengenezaji hutahadharisha kuhusu gesi kuanzia kama mita 1,700. Quartzsite haifiki hata mita 300!

Nikalipa ukaguzi, nikaondoa gari langu. Jirani yetu kambini, mzee mstaafu, ndiye aliyefungua kile kibati cha nje kinachofunika nyuma ya friji. Skrubu zake zilikuwa bado zimezibwa na vumbi la jangwa, maana yake karakana hawakukigusa kabisa! Moto ulikuwa wa njano, umelala upande mmoja, wakati unatakiwa uwe wa bluu na usimame. Mzee akapima kwanza kwa pimamaji kama gari limekaa sawa, kwa sababu amonia inarudi chini kwa uzito wake tu. Akafunga mtungi, akasubiri chuma kipoe, akafungua bana, yaani kichomeo cha gesi. Ndani ya mrija mna utando wa buibui, na juu ya bana magamba ya kutu yaliyodondoka kutoka kwenye dohani. Nozeli akailoweka kwenye spiriti na kuiacha ikauke yenyewe. Haichokonolewi kwa sindano, tundu likipanuka hata kidogo gesi inazidi, unapata masizi na hewa ya sumu. Dohani akaisugua kwa brashi, akarudisha kila kitu, akapaka povu la sabuni kwenye maungio kuona kama kuna panapovuja, ndipo akawasha. Moto bluu, unavuma. Asubuhi kipimajoto kinasoma 4.

Hakuna kipuri hata kimoja kilichonunuliwa. Na yule fundi alikuwa tayari kung'oa mtambo mzima wenye afya!

Pesa ya ukaguzi naidai yote, nimeshawaandikia. Wenye kempa, mkiambiwa mtambo umekufa, mwambieni fundi afungue kibati mbele yenu awaoneshe moto. Akikataa, ondokeni na gari lenu. Na aliyewahi kulipishwa mtambo mpya kwa hadithi kama hii aweke hapa bei aliyotajiwa na sababu aliyopewa, nataka niambatanishe na malalamiko yangu.