Kona ya kushoto inakubali, ya kulia inakataa: ni mguu au baiskeli?

Mgogo_wa_Makole
Wakuu, naomba msaada. Baiskeli ya gia, tairi 26. Kukata kushoto ni raha. Kulia mwili unakakamaa na kona inatanuka, na kipilefti chochote hapa Dodoma lazima ukizunguke kwa kulia. Mpira napigia mguu wa kulia. Tatizo liko wapi?

FundiSpoki
Anza na baiskeli, ni dakika mbili tu. Nyanyua tairi la mbele, zungusha steringi taratibu kwa kidole kimoja. Ikinasa katikati, vikombe vya shingo, pale steringi inapoingia kwenye fremu, vimechimbika na gololi zinadumbukia kwenye vishimo. Usihangaike kukaza na kulegeza, badilisha vikombe na gololi zote. Angalia pia waya wa breki, ukiwa mfupi unavuta steringi upande mmoja.

PedaliUsawa
Baiskeli ikiwa nzima, tafuta mguu unaotangulia, na si lazima uwe huo wa mpira. Kwenye mteremko mdogo acha kupiga pedali, nyanyuka kwenye siti, pedali zikae usawa. Uliokwenda mbele wenyewe ndio huo. Nahisi wako ni wa kulia: nyonga ya kulia ikitangulia, kiuno kinaangalia kushoto, kwa hiyo kushoto unakata bila kujua.

Kabla ya kona ya kulia rudisha krenki, ile mikono inayobeba pedali, nusu mzunguko, mguu wa kushoto upite mbele. Ukiwa na kasi ushushe mpaka chini kabisa na uukandamize, pedali ya kulia ibaki juu. Ikibaki chini inakwaruza lami, na hapo unaruka.

Zoezi: chupa mbili, mita 6 kati yake, chora nane. Ukizoea, sogeza ziwe mita 4. Tafuta ardhi ngumu. Kwenye mchanga tairi la mbele linateleza lenyewe, utausingizia mguu.

Keria_Mbili
@PedaliUsawa nakubali nusu. Kwenye kugeuza kwa mwendo wa kutembea, ushauri huo unaangusha watu. Ukikata kulia, nyuma ya tairi la mbele inakwenda kushoto, kwenye kiatu kilichotangulia. Apime akiwa amesimama: krenki usawa, mguu wa kushoto mbele, akunje steringi yote kulia. Kiatu kikigusa tairi au madigadi, kona za polepole asitulize miguu. Apige pedali kidogokidogo huku ameshika breki ya nyuma kwa mbali.

PedaliUsawa
Kweli, hilo nililiruka. Fremu ndogo ndizo zenye ugonjwa huo.

Mgogo_wa_Makole
Shukrani wakuu. Na mkono wa ishara je?

Keria_Mbili
Toa mapema, mikono yote irudi kwenye steringi kabla hujaanza kulala na kona. Na ujue breki ya kushoto inashika tairi lipi, maana mkono wa kulia ukiwa hewani umebaki na hiyo tu.