Wajuzi wa dramu za zamani: hii Ludwig ni halisi au nauziwa bandia?

FimboMbili:
Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa haraka. Kuna seti ya dramu za Ludwig, kampuni ya Kimarekani, nimeonyeshwa, ile nyeusi yenye mawimbi ya kijivu, Black Oyster Pearl. Besi, ile dramu kubwa, ni inchi 22, tomu ya juu 13, tomu ya miguu 16, na snea, ile dramu fupi ya mlio mkali, ni ya kromu. Muuzaji anasema ni ya mwaka 1962, kama ile ya Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, na haijaguswa tangu itoke kiwandani Chicago. Beji zipo zote. Sauti yake imeninyima usingizi. Nitajuaje kama ni halisi? Nawasilisha.

Kokoto07:
Nimeweka kambi hapa, ngoja waje wajuzi.

MzeeWaRingi:
Kijana, hiyo 1962 inanitia shaka. Ringo alipata Ludwig yake ya kwanza mwaka 1963, London. Dunia ikamwona nayo kwenye televisheni ya Marekani tarehe 9 Februari 1964, na baada ya hapo kila kijana akaitaka. Ndiyo maana za katikati ya miaka ya 60 ni nyingi, na ndiyo maana wauzaji wanapenda kurudisha miaka nyuma ili ionekane adimu. Nijibu moja: beji ina namba?

NgomaNzito:
Mimi sielewi watu wa vitu vya zamani. Nunua seti mpya, mbao imenyooka, skrubu zinakaza, unapiga kazi. Mti wa miaka sitini unautafutia nini?

FimboMbili:
@NgomaNzito mkuu, sikuuliza hilo. @MzeeWaRingi ndiyo, beji zina namba. Zile zenye umbo pana juu na jembamba chini. Muuzaji anasema beji za mwanzo zilichakaa, zikawekwa nyingine.

MzeeWaRingi:
Hapo amejifunga mwenyewe. Kwanza alikwambia haijaguswa, sasa beji zimebadilishwa. Ludwig walianza kupiga namba kwenye beji karibu na mwisho wa 1963. Na usidanganyike kuikokotoa hiyo namba ikupe mwaka, maana beji hazikufungwa kwa mpangilio wa namba.

BibiTarumbeta:
Wanangu, mimi ni wa tarumbeta ila yananihusu. Marehemu mjomba aliniachia saksafoni, ukoo mzima ukijua ni ya Ufaransa. Tukaigombania mpaka watu wakanuniana. Fundi alipoifungua, jina la Ufaransa lilikuwa limechorwa baadaye juu ya jina jingine lililosuguliwa. Naipiga mpaka leo na inalia vizuri, lakini undugu wetu haujarudi. Kizuri chajiuza, mwanangu. Ukiona chombo kinasifiwa sana kwa mdomo, kaa chini kwanza.

FundiSkrubu:
Pole na saksafoni, mama. Turudi kwenye dramu.

FimboMbili, achana na beji, beji mpya zinauzwa. Vua ngozi, ingiza kichwa ndani ukiwa na tochi. Ludwig ya wakati huo ina matabaka matatu ya mbao, na juu na chini kuna pete ya mbao ya kuimarisha. Ndani imepakwa rangi, nyeupe kwa zile za mwanzo, halafu ikaja ya kijivu yenye madoadoa. Mara nyingi utakuta tarehe imegongwa kwa muhuri wa wino mwekundu. Muhuri huo ndio unaoongea ukweli kuliko namba yoyote ya beji, ingawa si kila dramu inao.

Halafu tazama unapokutana mshono wa gamba la plastiki. Kiwandani ncha ya gamba iliingizwa ndani ya kiungo cha mbao. Ukikuta ncha imelala tu juu ya nyingine na gundi, gamba limevishwa upya. Fungua lagi moja, kile kipande cha chuma ubavuni kinachoshika skrubu: plastiki iliyofunikwa haikuona mwanga, kwa hiyo inatakiwa iwe na rangi mbichi kuliko pembeni yake, ambako imegeuka njano. Kama rangi ni moja kote, jiulize.

Beji nayo hushikwa na jicho la chuma la kitundu cha hewa. Beji iliyobandikwa kwa gundi haikutoka hivyo kiwandani. Na hesabu matundu. Tundu lililozibwa lina historia.

Ukikuta mbao nyekundunyekundu yenye vinyweleo wazi, isiyopakwa rangi, fikiria Japani. Miaka hiyo viwanda vyao vilitengeneza seti nyingi kwa kuiga umbo la Kimarekani, zikauzwa kwa majina kibao. Baadhi ni nzuri kupiga, ila si Ludwig.

FimboMbili:
Asante sana fundi. Tatizo hataki nivue ngozi ya besi. Anasema itapoteza sauti yake ya asili.

MzeeWaRingi:
Ngozi huvuliwa na kurudishwa kila siku. Huyo anaficha kitu. Ondoka.

Kokoto07:
Mkuu, mbona kila ukiambiwa uondoke huondoki? Umeshalipa?

FimboMbili:
Tumezungumza zungumza tu. Cha msingi hapa ni uhalisi.

Kokoto07:
Sijaulizia mazungumzo. Pesa imetoka au haijatoka?

FimboMbili:
Nimetoa nusu. Kulikuwa na mtu mwingine anaitaka, ingeondoka.

BibiTarumbeta:
Nusu ya pesa yako?

FimboMbili:
Ya bendi. Mimi ndiye mtunza mfuko. Lakini tulishakubaliana muda mrefu kwamba dramu zetu zimechoka, na anayejua dramu ni mimi, si mpiga gitaa. Sijala hela ya mtu. Chombo kitakuwa cha bendi.

NgomaNzito:
Nilisema mpya.

MtegoWaPanya:
Wakuu, hii ni chai. ID mpya, hakuna picha hata moja, na kila akijibiwa anauliza tena wanunuzi huangalia wapi. Huyu ndiye muuzaji. Fundi umempa orodha ya kurekebisha: rangi ya ndani, muhuri, jicho la beji. Mwezi ujao tutaikuta hiyo seti sokoni ina muhuri mwekundu unaong'aa.

Kokoto07:
Eh! Kweli picha ziko wapi?

FundiSkrubu:
Kama ni muuzaji, ajaribu kubadilisha rangi ya plastiki iliyo chini ya lagi. Miaka sitini ya mwanga haigongwi kwa muhuri. Ila na mimi nataka ushahidi. Sema kitu ambacho aliyeshika dramu mkononi ndiye angekijua.

FimboMbili:
Mimi si muuzaji. Picha amenikataza kupiga. Nimerudi kwake leo, nikamwomba angalau tomu ya miguu, akakubali. Ndani ni kijivu yenye madoadoa, pete zipo, muhuri mwekundu unasomeka OCT 13 1966, na mguu wa herufi T umefifia. Beji imeshikwa na jicho lake. Chini ya lagi kuna kivuli cheupe, pembeni njano. Tomu ya 13 inafanana, ila haina muhuri. Besi nimeikagua kwa nje tu. Beji yake haina jicho, nimeisukuma kwa kidole ikacheza. Kitundu cha hewa kiko upande wa pili.

FundiSkrubu:
Sasa tumefika. Tomu mbili ni Ludwig za katikati ya miaka ya 60, na hizo ni nzuri, usizidharau kwa sababu hazikuwa za 1962. Besi ni mgeni amevishwa gamba. Usimalizie malipo kwa bei ya seti kamili. Aidha avue ngozi ya besi mbele yako, au mkubaliane bei ya tomu mbili na snea, na maandishi yataje kila kipande kwa jina lake.

MtegoWaPanya:
Bado nina mashaka, ila huo mguu wa T umeniyumbisha.

BibiTarumbeta:
Na wenzako wa bendi wajue leo, kabla hujarudi kwa huyo mtu.

FimboMbili:
Mama, nilitaka waikute imeshafungwa mazoezini. Wakiipiga wataelewa.

BibiTarumbeta:
Hata sisi tulielewa saksafoni ilivyolia. Wapigie simu.

FimboMbili:
Nitampigia mpiga gitaa la besi kwanza, yeye ana moyo. Fundi, na snea naipimaje?

FundiSkrubu:
Nenda na sumaku. Supraphonic, yaani snea za chuma za Ludwig, za wakati huo ni kromu juu ya alumini, na za mwanzoni shaba. Zote mbili mwili wake haushiki sumaku. Usiguse ringi wala skrubu, hizo mara nyingi ni chuma, zitakudanganya. Weka katikati ya mwili. Ukiona kromu ina vijishimo na magamba, usishtuke, alumini yao ina ugonjwa huo. Sumaku ikinata, itoe kwenye hesabu.