Goti la mama: unga wa mizizi unamtuliza kuliko vidonge. Nimwache aendelee?

Binti wa Mpunguzi

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naombeni ushauri, nimebaki njia panda.

Mama yangu ana miaka 66, yuko Mpunguzi hapa Dodoma, na maisha yake yote ni shamba la zabibu. Goti la kulia lilianza kumsumbua miaka minne iliyopita. Akiamka linakuwa gumu, akitembea kidogo linalegea, jioni limevimba. Akichuchumaa, hainuki mpaka ashike kitu. Tulimpeleka hospitali, eksirei ikaonyesha mifupa imekaribiana, tukaambiwa gegedu, ile sehemu laini kati ya mifupa, limelika. Akaandikiwa dawa za maumivu, diklofenaki. Zilipoisha akawa anawatuma wajukuu duka la dawa, karibu mwaka mzima, mpaka tumbo likaanza kumuungua nikamkataza.

Ndipo jirani akamletea unga wa mizizi kutoka mnadani, kopo la plastiki halina maandishi yoyote. Kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi. Jamani, siku ya pili mama alikwenda kuteka maji mwenyewe! Sasa ni mwezi wa tatu. Anakula vizuri, amenenepa mpaka usoni. Dada yangu anasema dawa tumeipata, tusimrudishe kwenye vidonge. Mimi roho inasita kwa sababu mama ana presha na anameza dawa zake kila siku. Mwenye uzoefu anisaidie.

Kijana wa Kibaigwa

Vidonge vinaua figo, dada. Sisi tumekuzwa na mizizi. Mwache mama apumzike.

Mzee wa Kongwa

Marahaba binti. Bibi yangu alikuwa mganga na mizizi ninaiheshimu mpaka leo. Lakini dawa yake ya viungo haikuwa na haraka hiyo. Alimwambia mgonjwa asubiri mwezi uandame mara mbili, na alimpeleka porini akamwonyesha mti wenyewe. Muulize huyo jirani, huo ni mzizi wa mti gani? Asipoujua, mimi hapo nina shaka.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, nimekaa wodini miaka 31 na maelezo yako yamenishtua mahali pawili: siku ya pili, na kunenepa usoni.

Wapo wauzaji wanaosaga vidonge vya deksamethasoni au predinisoloni na kuvichanganya na unga wa mizizi. Hizo ni steroidi. Zinaondoa uvimbe na maumivu upesi sana, mtu anaona muujiza. Zinaleta hamu ya kula, uso unakuwa wa mviringo, presha inapanda, sukari inapanda, na zikitumika muda mrefu mifupa inapungua nguvu. Siwezi kuapa kwamba zimo kwenye kopo la mama yako. Dalili ulizotaja, hata hivyo, ndizo hizo.

Sasa sikiliza vizuri. Usilitupe kopo leo na kumkatisha ghafla. Mwili ukishazoea steroidi kwa miezi, tezi zilizo juu ya figo zinapunguza kutengeneza homoni yake ya asili. Ukikata mara moja, mgonjwa anaweza kulegea, kutapika, presha ikashuka hadi akazimia. Mpeleke hospitali kesho bila kuchelewa, ubebe kopo pamoja na dawa zake zote za presha, na useme wazi ametumia kwa muda gani. Wapime presha, sukari na figo. Daktari ndiye atakayepanga namna ya kuzipunguza. Akianza kutapika, kulegea sana au kupata choo cheusi kama lami, usisubiri asubuhi.

Kijana wa Kibaigwa, kuhusu figo umesema kweli. Diklofenaki na ibuprofeni zinazuia kemikali inayoleta maumivu, lakini kemikali hiyo hiyo inalinda utando wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Mwenye presha anaumia zaidi, hasa akiwa anameza na dawa za kukojosha. Mama hakupaswa kuzinunua mwaka mzima bila kupimwa. Ila mzizi nao unapita kwenye figo hizo hizo.

Mama Wawili

Mama yangu wa Bahi alisaidiwa na mazoezi, tena mwanzoni aliyadharau. Anakaa kwenye kiti, ananyoosha mguu mbele, anaushikilia mpaka ahesabu kumi, anashusha. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Misuli ya paja ikikaza, goti linapunguziwa mzigo. Maumivu yalianza kupungua baada ya wiki kama sita. Daktari alimwandikia jeli ya diklofenaki ya kupaka, kwa kuwa kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo kuliko vidonge. Tulimchongea pia kiti chenye tundu cha chooni, na fimbo anashika mkono wa upande usiouma. Uzito nao muuangalie: kila kilo inayopungua inaliondolea goti kama kilo nne katika kila hatua.

Mzee wa Kongwa

Niongeze hapo. Akipenda tiba asili, aende kwa waliosajiliwa. Sheria ipo tangu 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ndilo linalosajili waganga na dawa zao. Kopo lisilo na jina, likikudhuru utamdai nani?

Binti wa Mpunguzi

Asanteni sana, nimesoma huku machozi yananitoka. Nimempigia mama, anasema miguu nayo inavimba siku hizi, alikuwa ananificha. Kesho alfajiri namfuata, tunaenda na kopo. Mzee wa Kongwa, jirani nimemuuliza. Mti haujui. Aliyemuuzia hayupo tena mnadani, na yeye mwenyewe anampa mama mkwe wake unga huo huo tangu mwezi uliopita.

Nesi Mstaafu

Basi kesho mpitieni na huyo mama mkwe, aje na kopo lake.