Nimelipa dola 30 kuovakloki prosesa (kuipandisha mwendo kupita wa kiwandani), kumbe nimelipa ipikwe. Mafundi wa Birere hapa Goma hebu mujibu hapa

Wana muko? Wiki tatu nimekaa kimya nikijiambia acha nisitukane mtu wa watu mtandaoni, lakini jana usiku nimefungua ile mashine mwenyewe na kile nilichokiona mule ndani kimenitoa usingizi, kwa hiyo leo mutanisoma mpaka mwisho.

Mimi niko Majengo, nina kachumba ka geimu, watoto wanakuja jioni wakitoka masomo. Nilitengeneza kabati la arkedi kabisa, na vijiti na vifungo, mbao alizikata fundi mmoja wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, na alizikata kama za chukudu kweli, yaani kabati lile watu wanne ndio wanalibeba. Ndani nikaweka kompyuta ya okazyo (mtumba) yenye prosesa ya Intel i5-2500K. Najua ni prosesa ya mwaka 2011, musinicheke, ile K ya mwisho ndiyo niliizungukia mwezi mzima, kwa sababu 2500 isiyo na K inapanda kidogo tu.

Juu ya nini nataka kupandisha? Geimu za zamani za kupigana na zile za Neo Geo hazina neno, mashine yenyewe ya Neo Geo ilikuwa na prosesa ya megahezi 12 tu, hata laptop ya shangazi itaziendesha. Shida iko kwa geimu za magari. San Francisco Rush ya 1996 ndani yake ilikuwa na chipu ya picha ya 3dfx Voodoo, na MAME, ile programu ya kuendesha geimu za arkedi kwa kompyuta, haiendi kuomba kadi yako ya picha ikuchoree zile pikseli, inaichora hiyo Voodoo yote kwa prosesa, na kazi kubwa inaangukia koo moja, yaani kiini kimoja cha prosesa. Ukiwa na koo nne ama nane lakini zote zinatembea polepole, hujasaidika sana. Inataka koo moja inayokimbia. Njo maana ya kuovakloki, si ushamba.

Basi nikaenda Birere kwa fundi mmoja, duka silitaji. Ni mtu mzima kuniliko, mimi namwita yaya, yaani kaka mkubwa, yeye ananiita mudogo, tumeelewana vizuri kabisa. Akaniuzia radieta ya kupoza prosesa, ile ndefu ya mabomba ya shaba na feni kubwa, dola 35, na kazi ya kuipandisha dola 30. Kesho yake nakuta ameandika kwa kalamu juu ya boksi "4.6". Kutoka gigahezi 3.3 mpaka 4.6! Nikamshukuru nikamnunulia na Fanta.

Nyumbani nawasha Rush, nabonyeza F11 nione asilimia ya mwendo wa geimu, iko 100, watoto wanapiga makelele. Dakika ya nne sauti inaanza kukwaruza kama redio yenye betri zimekufa, nakuta 64. Natoka kwa geimu, nangoja, narudi, 100 tena, dakika nne, 60 na kitu. Nikaweka programu ya kupima joto: nyuzi 97, 98, 98, 98. Kwa hii prosesa 98 ndiyo mwisho, ikifika pale inajipunguza mwendo yenyewe isiungue, inashuka mpaka gigahezi 1.6. Kwa hiyo nimelipa dola 65 ili prosesa yangu itembee NUSU ya vile ilivyokuwa bure. Hesabu gani hiyo?

Nikarudi. "Mudogo, iyo ni vumbi, Goma iko vumbi mingi." Sawa, vumbi letu jeusi la lava nalijua, linaingia hata kwa chumvi, nikamuacha akapuliza kwa pompu ya baiskeli akachukua dola 5. Radieta ya siku nne jamani! Joto likabaki palepale.

Nikarudi tena. "Iko ile kabati yako, haipumue." Hapa nitasema ukweli wangu, kabati kweli sikulitoboa nyuma, kosa langu, nikalitoboa, nikaweka feni mbili. Halafu nikaitoa kompyuta kabisa nikaiweka juu ya meza, dirisha wazi, saa mbili ya usiku, munajua baridi ya hapa kwetu usiku, mimi nimevaa jaketi. 98.

Mara ya tatu akaniambia nini? Ninunue kadi ya picha, anayo ya dola 120, "ndio itasaidia prosesa." Nikamueleza mambo ya Voodoo na MAME, akacheka, akageukia mteja mwingine akamwambia "hawa watoto ya intaneti". Mimi nina miaka 31 na mtoto wa pili anatambaa.

Sasa jana. Umeme ulikatika saa tatu, nikasema acha nitumie tochi ya simu nifungue hii radieta nione. Nimelegeza skrubu, moja haikuwa hata imekaza, ilizunguka kwa kidole. Nainyanyua radieta, inatoka nyepesi tu, haikushika, na ile pesti ya kupitisha joto inatakiwa ishike kidogo. Nageuza chini. Shaba inang'aa sana, inang'aa vibaya, nikapitisha ukucha pembeni, ukucha ukaingia chini ya kitu. NAILONI. Ile nailoni ya kiwandani, ya kulinda shaba isikwaruzike safarini, bado iko, na imeandikwa kwa Kiingereza kwa herufi nyekundu kwamba uitoe kabla ya kufunga. Yeye amepaka pesti JUU ya nailoni! Na pesti yenyewe amepaka kama blubendi kwa mkate, imemwagika mpaka pembeni ya soketi, wakati punje moja ya mchele katikati inatosha.

Nilikaa chini. Mke wangu akauliza kuna nini nikamuonyesha, hajui kitu cha kompyuta, akasema "si hii kama kuacha plastiki chini ya sufuria". Mama wa nyumbani ameelewa kwa sekunde tano, fundi wa dola 30 wiki tatu hajaelewa.

Na haijaisha. Umeme uliporudi nikaingia kwa BIOS, pale pa mipangilio ya mashine kabla haijawaka kabisa, nakuta ameweka volti 1.45, imefungwa palepale, haishuki hata mashine ikiwa imelala. Wana, joto halifuati volti moja kwa moja, linafuata volti mara volti, halafu mara mwendo. Ukitoka karibu 1.2 kwa 3.3 ukaenda 1.45 kwa 4.6, piga hesabu, umeshazidisha joto mara mbili. Hiyo hata radieta iliyofungwa vizuri ingetoka jasho. Alichukua namba mahali fulani akaibandika tu, prosesa hazifanani, kila moja unaipandisha polepole, hatua moja, unaijaribu, unaangalia joto, hatua nyingine. Inachukua usiku mzima. Hiyo njo kazi niliyolipia.

Nimefanya mwenyewe mpaka saa tisa. Nimetoa nailoni, nimefuta na alkoli ya famasi, punje ya mchele, skrubu zote nne kwa msalaba. Nimeiweka 4.3 kwa volti 1.25. Nusu saa ya Rush, joto halikupita 67, asilimia inakaa 100, kwenye kona yenye magari mengi inaonja 92 inarudi. Simdai 4.6, sitaki tena hata kuiona.

Ninachodai ni dola 30 za kazi na zile 5 za pompu. Radieta ni nzuri, hiyo abaki nayo pesa yake. Nimempigia asubuhi akasema, "Sasa si imepona, unataka nini tena?" Imepona nani ameiponya?? Nimemwambia kesho saa nne niko pale na nailoni yake, nimeiweka kwa bahasha.

Kuna mwingine hapa Goma amefungiwa radieta na mtu siku hizi, na mashine inamkwaruza sauti baada ya dakika chache? Weka joto lako hapa, na kama uko karibu na Majengo kuja na bisibisi tufungue. Na wale watakaoniambia ninunue Ryzen, prosesa mpya ya AMD, leteni pesa kwanza.