Kukadiria uzito wa samaki kwa futi: kwa nini kanuni mbili zinanipa tofauti ya karibu kilo moja?

Mshipi_Mrefu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi huvua kwa burudani na humrudisha samaki majini akiwa hai, kwa hiyo sipendi kumtundika kwenye mizani ya ndoana. Badala yake nampima kwa futi ya kushonea, kisha napiga hesabu nikishamwachia. Safari iliyopita nilimpata paiki, yule samaki mrefu wa maji baridi mwenye mdomo bapa kama wa bata, mwenye urefu wa sentimita 96 na mzingo wa sentimita 43.

Kanuni ya kwanza niliyoitumia ni ile inayojulikana sana: urefu unazidishwa kwa mzingo, kisha kwa mzingo tena, na jibu linagawanywa kwa 800 ikiwa vipimo ni vya inchi na uzito ni wa ratili. Kwa sentimita na kilo, kigawanyo hicho kinakuwa takriban 28,900. Nilipata kilo 6.14. Kanuni ya pili hutumia urefu peke yake: kwa paiki, urefu wa inchi unapandishwa kipeo cha tatu na kugawanywa kwa 3,500. Hiyo ilinipa karibu kilo 7. Samaki ni yule yule na futi ni ile ile. Niamini ipi, na hivyo vigawanyo vimetoka wapi?

Mcheduara alijibu:

Ndugu Mshipi_Mrefu, nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ukielewa kigawanyo kimetoka wapi, mengine yatafuata. Mchukulie samaki wako kuwa ni mcheduara, yaani umbo la kipande cha bomba, wenye urefu wa sentimita 96 na mzingo wa sentimita 43 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ujazo wake ni urefu mara mzingo kipeo cha pili, gawanya kwa 12.57, ambayo ni pai mara nne. Mwili wa samaki una densiti inayokaribiana sana na ya maji, ndiyo maana anaweza kuelea katikati ya kina bila kuzama wala kupanda, kwa hiyo kila sentimita moja ya ujazo tunaweza kuihesabu kuwa gramu moja. Mcheduara huo ungekuwa na uzito wa kilo 14.1.

Bila shaka samaki si bomba. Amechongoka kichwani na amenywea mkiani. Koni yenye kitako na urefu huo huo hujaza theluthi moja tu ya mcheduara wake. Ukigawanya kwa 28,900 unakuwa umesema, bila kujua, kwamba samaki wako anajaza asilimia 43 ya mcheduara, yaani amezidi koni kidogo. Wapo wanaotumia 900 badala ya 800, ambayo kwa sentimita ni kama 32,500. Hao wanadai kwamba anajaza asilimia 39 tu. Kwa hiyo kigawanyo ni maelezo ya umbo yaliyofichwa ndani ya namba, na kila umbo lina chake.

Jambo moja ambalo watu hulisahau: futi haijui kama samaki ni wa mviringo au amebanwa ubavuni. Kwa mzingo ule ule, duara ndilo linalozingira eneo kubwa kuliko umbo lingine lolote. Samaki mwembamba ubavuni mwenye mgongo mrefu kwenda juu atakuwa na nyama kidogo kuliko mzingo wake unavyodokeza, na kigawanyo cha samaki wa mviringo kitamkuza. Kwa sababu hiyo singethubutu kuchukua namba iliyopatikana kwa trauti na kuibandika kwa sangara bila kuipima kwanza kwenye mizani.

Bibi_Ndoana alijibu:

Maelezo ya Mcheduara nayakubali yote, lakini nadhani tatizo lako, mwanangu, liko kwenye futi kabla halijafika kwenye kanuni. Mzingo unaingia kwenye hesabu mara mbili, kwa hiyo kosa lake nalo linaingia mara mbili. Jaribu mwenyewe: ongeza sentimita moja kwenye urefu, uzito unapanda kwa gramu 60 hivi. Rudisha urefu ulivyokuwa na uongeze sentimita moja kwenye mzingo, uzito unapanda kwa gramu 290. Watu hubishana jioni nzima juu ya urefu, iwapo upimwe hadi ncha ya mkia au hadi kwenye panda yake, wakati mzingo wamepima kwa haraka huku samaki akipapatika.

Na sasa nikuulize: futi uliizungushia wapi? Maelekezo mengi yaliyozagaa yanasema mzingo upimwe mbele kidogo ya pezi la mgongoni. Kwa trauti ushauri huo ni sahihi, kwa kuwa pezi lake liko katikati ya mwili, mahali alipo mnene. Paiki pezi lake la mgongoni limerudi nyuma kabisa, karibu na mkia, na ukipima mbele yake unakuwa umeshaliacha tumbo. Kanuni inataka mahali penye unene mkubwa kuliko pote, popote palipo. Futi iguse ngozi bila kubana, na mapezi yasiingie ndani yake.

Mimi natumia uzi usiovutika. Samaki anabaki ndani ya wavu, majini. Napitisha uzi chini ya tumbo, nashika kwa kidole pale unapokutana, nafunga fundo, kisha namwachia aende. Fundo nalipima baadaye kwa utulivu. Urefu nao upimwe kwenye ubao au rula iliyonyooka, kwani futi inayofuata mviringo wa tumbo huongeza sentimita ambazo samaki hana.

Kipimo_Halisi alijibu:

Naongezea kuhusu kanuni ya urefu peke yake, ambayo naona imeachwa kando. Inafanya kazi kwa sababu samaki akikua bila kubadilika umbo, akiongezeka mara mbili kwa urefu huongezeka mara nane kwa uzito. Wataalamu wa uvuvi hupima unono kwa kigezo cha Fulton: uzito wa gramu mara 100, gawanya kwa urefu wa sentimita uliopandishwa kipeo cha tatu. Kile kigawanyo cha 3,500 ukikibadilisha kinakupa 0.79, yaani kinamchukulia kila paiki kuwa na unono huo huo. Jike aliyejaa mayai na jike aliyetoka kutaga, kwa kanuni hiyo, ni sawasawa. Kwa kilo 6.14 samaki wako ana 0.69, ambayo kwa paiki aliyekonda haishangazi. Swali ni iwapo alikuwa amekonda kweli.

Ukitaka kigawanyo chako mwenyewe, wapime baadhi ya samaki wakiwa ndani ya wavu kwenye mizani, toa uzito wa wavu ukiwa umelowa, kisha gawanya urefu mara mzingo kipeo cha pili kwa uzito uliopata. Fanya hivyo kwa aina moja tu ya samaki, na kwa wakubwa na wadogo.

Kwa rekodi rasmi, hata hivyo, hesabu hizi hazisaidii. Shirikisho la kimataifa la uvuvi wa burudani, IGFA, halipokei uzito wa makadirio. Linataka mizani iliyothibitishwa, na upimaji ufanyike nchi kavu. Tangu 2011 lina pia rekodi za urefu kwa samaki wanaorudishwa majini, na huko mzingo hauulizwi.

Mshipi_Mrefu alijibu:

Nawashukuru nyote. Bibi, umenikamata. Nimerudi kwenye picha niliyopiga na futi inaonekana wazi ikiwa mbele ya pezi la mgongoni, nyuma kabisa, kama nilivyokuwa nimesoma. Tumbo linaonekana nene zaidi kiganja kizima mbele ya hapo, na samaki hakuwa amekonda. Nimejaribu kuhesabu kinyumenyume: mzingo ungekuwa sentimita 46, kanuni ya kwanza ingetoa kilo 7.03, na zile mbili zingekubaliana. Sina haki ya kuandika 46, kwa kuwa sikuipima. Katika daftari nimeandika kilo 6 hadi 7, na pembeni nimeongeza kwamba mzingo ulipimwa mahali pasipo pake. Uzi usiovutika nimeshaufunga kwenye mpini wa wavu.