Mashine ya kumliwaza mama: ElliQ, Lovot au Paro?

mwana_katuba
Salamu wakubwa. Tangu baba atutoke, mama amebaki Katuba, hapa Lubumbashi, na mjukuu mmoja tu. Yaya, mkubwa wangu wa kuzaliwa aliye Ulaya, anataka kumtumia roboti inayotambua huzuni ya mtu. Ameniachia nichague kati ya hizo tatu.

fundi_kamalondo
ElliQ iondoe. Ya Israeli, inakaa mezani kama taa yenye skrini pembeni. Jimbo la New York liligawia wazee wake mamia ya hizo, iwakumbushe dawa na kupiga nao soga. Kwa Kiingereza! Mama atakuwa anamsemesha mgeni.

dada_lushois
Lovot ya Japani haisemi, inaguna tu. Ina joto mwilini kama mtoto mchanga, ina magurudumu na kamera kichwani, inamfuata anayeibembeleza. Lakini unalipia kila mwezi, na betri haikai. Umeme wa huku mnaujua.

mzee_belair
Watoto wangu, hiyo huzuni inaisomaje? Kamera inapima mdomo na nyusi, maikrofoni inapima sauti. Haya, ipelekeni kwenye kilio, wajukuu wanapomtania marehemu na watu wanacheka huku machozi yanatoka. Itaandika nini? Umoja wa Ulaya umekataza kusoma hisia za watu kazini na shuleni tangu Februari 2025. Nyumbani hawakukataza.

fundi_kamalondo
Mzee kasema. Tena angalieni seva, zile kompyuta za kampuni zinazoiendesha roboti kwa mbali. Roboti ya nyumbani Jibo iliuzwa Marekani 2017. Kufika 2019 roboti yenyewe ikawa inawaaga wenye nyumba kwamba seva zake zitazimwa. Roboti Moxie ya watoto nayo, kampuni ilifunga Desemba 2024.

dada_lushois
Basi Paro. Ni roboti ya umbo la sili mtoto, yule mnyama wa baharini, mwenye manyoya meupe. Haijifanyi kujua uso wako: inasikia mkono unavyoipapasa na sauti ikiitwa, inageuza kichwa. Haitaki intaneti. Kuichaji unaitia chaja ya umbo la chuchu bandia ya mtoto mdomoni, kweli kabisa! Ila bei ni kama dola 6,000.

mwana_katuba
6,000?! Mama akisikia bei, ndipo atakapolia. Yaya anasema anaweza kupata iliyotumika, kutoka Japani.

fundi_kamalondo
Aangalie chaja kwanza. Kule ni volti 100, huku 220.

mzee_belair
Na huyo mjukuu, ana miaka mingapi?

mwana_katuba
Tisa, mzee. Anashinda mpirani.