Peugeot 504 ya guka, mimi na binti yangu tuanzie wapi?

mama_wa_mitumba
Habari zenu wadau, niko na swali na msinicheke. Marehemu baba alituachia Peugeot 504 stesheni, ile ya gia ya usukani, imelala nyuma ya nyumba huku Kahawa West tangu 2011, kuku wametaga ndani mpaka nikazoea. Sasa binti yangu yuko fomu 3, likizo hii ameniamkia na daftari amechora waya zote za hiyo gari, ati mathe tuitengeneze mimi na wewe. Mimi nauza nguo Gikomba, spana naijua kwa macho tu. Nikaita fundi wa hapa mtaani, akaangalia dakika tano, akaongea na mimi peke yangu na msichana amesimama hapo hapo, halafu akasema injini ni ya kutupa nimlipe aweke ya Toyota. Binti amekasirika ile ya kunyamaza. Kabla sijatoa hata ndururu nauliza, kuna maana ama ni kuchoma pesa? Na kama ni kuanza tuanze na nini?

nairobi_chuma
Uza kwa kilo nunua Vitz.

mzee_kabureta
Wewe wa Vitz tulia, 504 ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, heshimu wazee.

Mama, hakuna mtu anajua injini imekufa kwa dakika tano kama hajatoa hata plagi. Kitu ya kwanza msiweke betri mkapiga stata, gari ikilala miaka hiyo yote ringi za pistoni hushikana na silinda na mkiizungusha kavu mnaikwaruza. Toeni plagi zote 4, mwagieni oili kidogo kila shimo, acheni siku kadhaa, halafu binti aizungushe na mkono, spana kwa nati ya puli ya mbele, pole pole mbele na nyuma. Ikigeuka mko na injini. Petroli ya zamani mwageni yote na tangi lioshwe, hiyo imeshakuwa gundi na itaziba kabureta siku ya kwanza.

Na hii mwambie aandike kwa daftari: lina za hiyo injini, yaani zile bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za kutoka, zimekaa ndani ya maji. Siku mkifungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, mtu asizungushe injini kama lina hazijabanwa, zikiinuka kidogo tu maji yataingia kwa oili na mtalaumiana bure. Mafundi wengi wa siku hizi hawajui hiyo.

Breki mfanye kabla injini haijawaka, si baada. Na vumbi ya breki za zamani msipulize na kompresa, kuna asbesto, tumieni kitambaa chenye maji. Chini ya gari mtu asiingie kama imeshikwa na jeki peke yake, wekeni stendi.

baba_KE70
Nimesoma hapo kwa fundi kuongea na wewe peke yako nikakumbuka makosa yangu mwenyewe. Mimi na kijana tulinunua Corolla KE70 akiwa na miaka 15, injini ya 4K, ile hata ukifunga macho unaitengeneza. Shida ni mimi. Akishika spana naona anachelewa namnyang'anya, akiuliza swali najibu huku nishafanya, baada ya wiki tatu nikawa na kijana wa kushika tochi, na kila mtu anajua kushika tochi ya babake ni kutukanwa tu. Akaacha kuja. Miezi miwili gari iko juu ya mawe na mimi najifanya nimetingwa na kazi. Siku moja nikamkuta ameirudisha kabureta peke yake, amebakisha skrubu mbili kwa kisahani, nikaingia jikoni nikachemsha chai nisiongee. Skrubu alizitafutia mahali yake mwenyewe, ilimchukua siku nzima. Sasa wewe mama uko na bahati hujui spana, huwezi kumnyang'anya. Nenda na yeye Grogan, kule kwa maduka ya spea Nairobi, yeye ndiye aulize bei, aende na spea ya zamani mkononi wasimpatie ya Peugeot 505.

wakili_wa_mtaa
Gari iko jina la nani? Kama logibuku bado ni ya marehemu, kwanza mrithi kortini ndio NTSA, wale wa kusajili magari, wabadilishe jina. Msimalize rangi halafu ndugu zako waanze kuipenda. Na binti barabarani ni mpaka 18, kwa sasa ni ndani ya kiploti tu.

mama_wa_mitumba
Asanteni sana, hiyo ya ndugu imenigusa, jana tu kaka yangu amepiga simu ati gari ya mzee inaendeleaje na miaka yote hakuwahi kuiuliza. Nimeanza kufuata karatasi.

Kuku wamehama kwa kelele. Plagi tatu zimetoka, oili tumemwaga, ya nne imekataa kabisa. Nilitaka niite kijana wa hapa mwenye nguvu lakini binti ameenda kwa shosho mpaka Jumapili na ameacha karatasi kwa boneti, USIGUSE. Mzee kabureta, niite kijana ama?

mzee_kabureta
Usiite mtu. Hedi ni aluminiamu, mkilazimisha nyuzi zinatoka na plagi. Nyunyiza dawa ya kutu asubuhi na jioni, mngoje mwenye gari arudi.